Mfuko wa Miavuli

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Mize. Siku ya hitma, biriani imeshapakuliwa na wanawake wa Mishomoroni wameanza kuulizana habari za posa za watoto wao, alikuja mwanamume mmoja mwenye mvi akasimama langoni, viatu mkononi na pakiti ya sukari kwapani, hajui aelekee wapi. Nilimtambua kwa masikio. Ni Mutua. Siku hizi ana kiduka chake cha baiskeli kuukuu huko Junda na tumbo limemtangulia, lakini masikio yale, yaliyosimama kama ya mtu anayesikiliza mlangoni, hayajabadilika. Nilimtokea nje akanipa pole. Halafu badala ya kuuliza marehemu aliugua nini, kama walivyouliza wote, aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, ile mfuko ya miavuli bado iko?" Nikacheka. Wallahi, nikacheka kwenye matanga ya shangazi yangu mpaka bi mmoja akanikata jicho. Nikamwambia uko, uko chini ya kitanda cha Shangazi, umekunjwa vile vile, na nilipoutoa siku ya kugawa nguo nilikaa nao chini nikalia kilio ambacho makaburini kilikataa kutoka.

Ya nani alinizaa, na vipi nikaishia kwa shangazi, nitayaacha, maana kila nikianza kuyaeleza hukasirika na chai ikapoa. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na tulikaa sisi wawili katika vyumba viwili. Kimoja tulilala. Cha pili kilikuwa cha sufi. Shangazi alikuwa mshonaji wa magodoro na mito ya sufi, kazi ambayo sponji imekuja kuiua, na chumba kile kilijaa magunia ya sufi mpaka dirishani. Akiichambua kwa fimbo kutoa kokwa, ilipaa ikatanda hewani, ikakaa kwenye nyusi zetu, kwenye chandarua, kwenye mchuzi. Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi, na kabla ya kunywa chai kila mtu alipuliza kikombe chake. Wageni walidhani twapoza. Sisi twasukuma sufi pembeni. Mpaka leo, mwanamke mzima mwenye ofisi yake, napuliza chai hata ikiwa baridi, na wenzangu wa kazini hunicheka.

Shuleni kwetu alikuwako Mwalimu Nafula, mwalimu wa jiografia, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ametoka bara na hajakubali kwamba pwani ndiyo mwisho wa dunia. Alianzisha chama cha kupanda mlima. Sisi watoto wa Kisauni, ambao kilima chetu kikubwa ni tuta la barabarani, tukajiandikisha kwa mzaha. Miezi mitano alitukimbiza mchangani alfajiri tumebeba mawe mgongoni, wengi wakatoroka, na mimi nikabaki kwa ukaidi tu. Halafu siku moja alitubandikia ubaoni picha ya Mlima Kenya, jiwe jeusi limesimama juu ya mawingu na weupe umelala kwenye mikunjo yake. Akasema ule weupe ni barafu, na iko hapo kila siku, na jua lawaka juu yake. Barafu niliyoijua mimi ni ile ya kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, shilingi mbili, rangi nyekundu. Kwamba kuna mahali katika nchi hii hii barafu yajikalia yenyewe, bila friji, bila mwenyewe, hilo lilinitoa usingizi. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani.

Wakachaguliwa sita, na mimi nikawa wa tano. Mwalimu akatugawia orodha ya vitu. Viatu vya mlimani, koti la mvua, glavu, soksi nene, na mfuko wa kulalia. Chini akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Akatwambia, "Vingine tutaazimana. Mfuko wa kulalia hauazimwi, kila mtu alale ndani ya wake. Asiyekuwa nao wiki mbili kabla ya safari, nitamwita wa saba. Si ukali wangu. Huko juu baridi inaua." Nilipomsomea Shangazi, alisimamisha sindano. Akataka nimweleze tena huo mfuko. Nikamweleza kwamba mtu huingia mzima mzima, akajifunga mpaka shingoni, kichwa kikabaki nje. Akauliza, "Mtu yu hai aingia mwenyewe kwenye sanda?" Nikamwambia si sanda, ni godoro la kuvaa. Hapo akatulia, kwa kuwa godoro alilijua.

Barazani habari ilishafika. Nilikuwa ndani nafua, nikawasikia. "Msichana aenda mlimani kufanya nini? Amepoteza nini huko?" aliuliza mteja mmoja aliyekuja kuchukua mito yake. Mama Wambui, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuja pwani na mumewe wa bandarini, akasema, "Mimi nimezaliwa chini ya huo mlima na sijawahi kuupanda. Baridi ya huko si mchezo, Bi Mize. Maji yanalala yakiwa maji, yanaamka yakiwa jiwe." Nikajua ndiyo basi, sasa nitazuiwa. Shangazi akasema, "Basi aende akanitazamie. Mimi sijaona maji yakiwa jiwe, na miguu yangu yaniuma." Sijui kama nimewahi kumpenda mtu kuliko nilivyompenda dakika ile, mikono yangu ndani ya povu.

Viatu tulivipata Kongowea kwenye mitumba, vizito, kimoja kamba ya njano na cha pili ya buluu. Koti pia, la mtu aliyekuwa mnene huko alikokuwa. Mfuko wa kulalia hatukuuona. Tulizunguka Jumamosi tatu, tukapindua marundo, wauzaji wakatuonyesha mapazia, mashuka ya hospitali, hata parachuti la mtoto la kuchezea. Ndipo mmoja akasema, "Bi, hicho mutakipata duka kubwa la michezo, lile jipya la Nyali. Huko wauza kila kitu cha porini." Shangazi akauliza kama wenye duka ni watu wazuri. Yule mtu akacheka, akasema ni watu wa viyoyozi.

Siku ya kwenda alivaa buibui la Idi. Akajifukiza udi. Akanipaka mafuta miguu kama napelekwa kuposwa. Milango ya kioo ilifunguka yenyewe, akarudi nyuma, akaisubiri ifungwe, ikafunguka tena, akasema, "Ahsante," akaingia. Yarabi! Nimetembea kidogo tangu siku ile, nimeingia maduka ya miji mingine, lakini hakuna lililonishtua kama lile. Baridi ilitupokea mlangoni. Juu darini ilining'inia mitumbwi ya plastiki, myekundu na ya kijani, matumbo yake yakitutazama. Katikati ya duka kulijengwa hema, nyumba ndani ya nyumba, taa inawaka ndani, meza imeandikwa, vikombe vimepangwa, hakuna mtu. Masanamu yasiyo na vichwa yamevaa makoti ya baridi. Ukuta mzima ni viatu, kila kiatu kimoja kimoja kwenye kijirafu chake kama msahafu. Shangazi alitembea mikono ameikunja kifuani asiguse kitu. "Subhanallah," akaninong'oneza, "watu wana vitu vya kuondokea majumbani mwao." Nami niliona vivyo hivyo. Duka zima, kubwa kuliko msikiti wetu, na kila kilichomo ni cha kumsaidia mtu akalale nje.

Mutua ndiye aliyetuhudumia. Kijana wakati ule, shati la duka limempwaya, hana miezi miwili tangu ateremke kutoka Machakos. Shangazi alimsalimu yeye, akamuuliza habari za kwao, za wazazi, za mvua, na yule kijana alijibu kila swali akitazama kushoto na kulia kana kwamba anafanya kosa. Kisha akatupeleka kwenye mifuko ya kulalia. Ilikuwa imetundikwa kumi na kitu. Shangazi akauchagua wa buluu. Alivua pete zake mbili akanipa nimshikie, akafumba macho, akaupitisha mfuko ule kati ya vidole vya mikono miwili, polepole, kutoka kichwani mpaka miguuni, akirudi nyuma, akibonyeza, akinusa. Nilidhani ameupenda. Mutua alidhani hivyo pia, akaninong'oneza kwamba mama ana roho safi. Alipofumbua macho ndipo akageuza kile kikaratasi cha bei.

Mimi nilikiona kabla yake. Bei ya mfuko ule, ambao ndani hamna hata mto, ilikuwa bei ya cherehani mpya, na Shangazi alikuwa miaka minane anaitafuta cherehani mpya. Nilitaka tuondoke saa ile ile. Lakini yeye hata ukope haukutikisika. Alisoma, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mzaha mzuri, akataja robo ya ile bei. Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo ukaniingia baridi kuliko kile kiyoyozi. Shangazi alidhani bei iliyoandikwa ni bei ya kuanzia. Maisha yake yote hajawahi kusikia bei ya kwanza ikawa ndiyo bei. Kwake yeye bei ya kwanza ni kama hodi. Mtu hajaingia bado. Mutua akasema, "Mama, bei ni ile iko hapo kwa karatasi." Shangazi akasema, "Naam, nimeiona, mwanangu, mumeandika vizuri," akaongeza kidogo. Mutua akasema hawapunguzi. Shangazi akacheka kwa adabu, akamsifu kwamba anajua kazi, akaongeza tena. Watu walianza kutazama. Mzungu mmoja mwenye kaptura alisimama na fimbo ya kuvulia mkononi kama anatazama mchezo. Na mimi, na hili nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe hayupo tena kunisikia, nilijitenga naye hatua tatu, nikajitia natazama miwani ya kuogelea.

Alipofika nusu ya bei akasimama. Nusu ile sijui angeitoa wapi, lakini aliitamka. Mutua akasema, "Pole, mama." Basi Shangazi akafanya linalofanywa. Akaurudisha mfuko mahali pake, akaulainisha kwa kiganja, akaaga, akaondoka. Yeyote aliyenunua hata kanga Kongowea anajua hatua hii. Unaondoka polepole, mgongo umenyooka, na mwenye duka anakuacha ufike karibu na mlango, halafu anaita, "Bi, hebu rudi tuzungumze." Hiyo ndiyo biashara yenyewe, yote ya kabla ni maamkuzi. Shangazi alitembea polepole mno. Kwenye hema akasimama akatengeneza mtandio. Kwenye viatu akainama akajikuna kisigino. Mlangoni akaangusha leso yake ya mkononi, akaiokota kwa utulivu, ili kumpa kijana nafasi. Milango ikafunguka, tukatoka. Hata nje hakwenda mbali. Alisimama kando ya vyungu vya maua, jua linatupiga utosini, akasema, "Wataita." Tukasimama. Akaja askari wa mlangoni akauliza kama twataka tuk-tuk.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele. Alivua buibui akalitundika, akakaa juu ya gunia la sufi, akaomba maji. Nikamwambia, "Shangazi, basi, mlima utakuwapo tu. Nitakwenda mwakani." Nilisema kwa ushujaa lakini sauti ilinisaliti, kwani mwakani ni mwaka wa mtihani na Mwalimu Nafula hachukui kidato cha nne. Shangazi aliyajua hayo. Akanywa maji yote. Akasema, "Bei haikuniuma, Zuhura. Mtu ana haki ya kutaja atakacho. Mimi imeniuma hawakuita." Halafu akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akainuka akavuta fimbo ya kuchambulia. "Na ndani ya ule mfuko si pamba, si manyoya. Ni uzi uzi wa plastiki. Lakini wameugawa vyumba. Vyumba ishirini na sita, vya chini vidogo, vya kifuani vikubwa. Ndiyo siri yao, ule ujazo hauteremki miguuni. Nipe karatasi nichore kabla sijasahau." Mimi niliyekuwa nikiona haya pale kando ya miwani ya kuogelea, kumbe yeye alikuwa akihesabu.

Siku kumi zile nilizozishuhudia sina jina la kuzipa. Kwanza kitambaa. Mardufu ya magodoro ilikuwa nzito, na maji yangepita. Shangazi akalala akifikiri, akaamka na neno moja: miavuli. Nikatumwa nyumba kwa nyumba kuomba miavuli mibovu. Mwalimu wa madrasa alitoa wake uliopinduliwa na upepo. Mama Wambui akatoa mmoja mwekundu wenye maua aliokwenda nao kanisani miaka sita. Kinyozi, mama wa chapati, mzee mmoja aliyekuwa akiutumia kama mkongojo, wote walitoa, na kila mmoja akauliza ni kwa nini, na kila mmoja akacheka. Tukapata kumi na mmoja. Shangazi akafumua zile pembetatu za miavuli, akazipanga sakafuni, kichwa huku kichwa kule, zikakubaliana kana kwamba zilikatwa kwa kazi hiyo. Ndani akaweka kanga zake mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Kati ya miavuli na kanga akashona vyumba kwa mkono, mshono wa kofia, mdogo mdogo, na kila chumba akakijaza sufi iliyochambuliwa mara tatu, akakipima kwa kiganja huku amefumba macho. Zipu hatukuwa nayo. Akaweka vishikizo vya kanzu na vitanzi, kimoja kimoja, upande mzima. Nilimshikia taa, nilimtungia uzi, nilimwangalia vidole vyake vikienda, na nikaogopa, kwa jinsi mtu anavyoogopa mbele ya kitu kikubwa. Nilikuwa nimeishi na mikono ile miaka yote nikidhani ni mikono tu.

Mwalimu Nafula aliuona, akaugeuza, akauinua, akashangazwa na wepesi wake. Akasema ni kazi nzuri sana. Kisha akasema hawezi. "Shangazi, nikimpoteza mtoto wa mtu huko juu nitasema nini? Hii haijapimwa popote." Nilihisi machozi yananipanda. Shangazi hakubishana. Aliuliza tu, "Wataka ipimwe kwa baridi?" Mwalimu akasema ndiyo, lakini baridi Mombasa iko wapi. Shangazi akasema iko Likoni.

Huko Likoni alikuwako Bwana Famau, mchuuzi mkubwa wa samaki, aliyelala kwenye magodoro ya Shangazi tangu alipooa. Alikuwa na chumba cha kugandishia, chenye mlango mnene kuliko ukuta. Tulivuka kwa feri asubuhi watu watatu, mfuko umefungwa kwenye kanga kichwani mwangu, na Bwana Famau alipoelezwa shida alishika kiuno akasema, "Bi Mize, nimeombwa mengi maisha yangu, hili ni la kwanza." Akasogeza makreti. Nikaingia chumba kile na pumzi ikanitoka mdomoni kama moshi. Nikapiga kelele, nikadhani naungua. Kushoto kwangu nguru waliolala ubavu kwa ubavu, kulia samaki aina ya changu, wote macho wazi, weupe wa barafu kwenye nyusi zao. Nikaingia ndani ya mfuko, Shangazi akanifunga vishikizo mpaka kidevuni, midomo yake ikisoma asichokisema kwa sauti. Mlango ukaachwa bila komeo. Mwalimu, amejifunga koti lake la mlimani, alikuwa aje kila dakika tano kunishika miguu.

Nakumbuka kidogo tu. Nakumbuka baridi ikinishika pua, kisha ikakoma pale pale, kama imekutana na mwenye nyumba. Nakumbuka harufu ya udi wa Shangazi kwenye kanga. Nakumbuka joto langu mwenyewe likinirudia, na nikifikiri, kumbe mtu ni moto namna hii. Kisha sikumbuki, kwani nililala. Walinikuta nimelala fofofo kati ya nguru na changu, mdomo wazi, na Mwalimu Nafula aliponishika miguu kwa mara ya sita yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka meno. Akanishika vidole, kimoja kimoja, akaviona vina joto. Akatoka nje, akamshika Shangazi mabega. "Anaenda," akasema. Shangazi akajibu, "Alhamdulillahi," akakaa juu ya kreti tupu la samaki na buibui lake safi, akalia mbele ya wachukuzi wote. Bwana Famau akatupa nguru mzima. Tulimla kwa wali wa nazi siku mbili, na Mama Wambui akala pia.

Mlima wenyewe nimeshindwa kuueleza kwa miaka ishirini na kitu, sidhani kama leo nitauweza. Nitasema asubuhi moja tu. Tulilala penye miti mikubwa yenye vichwa kama kabichi. Nilipoamka, nilisikia kitu kikivunjika kila nilipopumua. Ulikuwa ni umande ulioganda juu ya mfuko. Miavuli yote kumi na mmoja ilikuwa myeupe, na nilipokwaruza kwa ukucha yakatokea maua mekundu ya Mama Wambui. Nikatoka, nikaenda kwenye dimbwi tulilochotea maji jioni. Lilikuwa jiwe. Niligonga kwa kidole likalia. Juu yake, umeshagubikwa na jua, ulisimama ule mlima mzima, karibu hivi, hakuna ubao, hakuna picha, na hakuna sauti yoyote ile. Nilipiga magoti bila kujua, wala si kwa kuswali. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Shangazi, nimekutazamia." Siku ya pili yake tulifika juu kabisa, pale wanapofika wasiotumia kamba, na nilifurahi, lakini ukiniuliza mlima ni nini, mimi nitakwambia ni lile dimbwi.

Nilirudi nimebanduka pua. Shangazi alinilisha, akanisikiliza habari ya maji kuwa jiwe mara nne, kila mara akiuliza lililia vipi nilipoligonga. Alipoukunjua mfuko akaukagua vyumba vyote ishirini na sita, hakuna hata kimoja kilichoteremka. Akatoa buibui la Idi. "Vaa," akasema. "Twende Nyali." Nikamuuliza kuna nini Nyali. "Twende tukaulize bei."

Milango ilifunguka, akasema ahsante. Safari hii nilitembea ubavuni mwake. Mutua alituona akaja, masikio yamesimama, naye Shangazi akamuuliza habari za mvua za Machakos, kisha akautandaza mfuko wake juu ya meza, kando ya ule wa buluu. Nyeusi, nyeusi, na pembe zile nyekundu zenye maua. Wafanyakazi wakasogea mmoja mmoja. Mutua akaubonyeza, akatafuta lebo, hakuiona. Nikawaambia ulikolala. Akaja meneja, mwanamke mtanashati mwenye miwani kichwani. Akaushika, akafuata mishono kwa kidole, akavua miwani kichwani akaivaa. "Nani ameshona hii?" Shangazi hakujibu hilo. Aliuliza kwa upole, "Ingekuwa yenu, mungeiandika ngapi?" Meneja akacheka, akatafakari, akaona kwamba anaulizwa kweli. Akataja robo tatu ya bei ya ule wa buluu. Kisha akasema, "Na mimi niko tayari kuununua. Huu, na mingine kumi."

Ilikuwa cherehani, na zaidi ya cherehani. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ametulia, anatabasamu, kama mwenyeji aliyebishiwa hodi. Akaukunja mfuko polepole, akaulainisha kwa kiganja, akautia kwapani. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Hiyo ya kuanzia." Akaaga watu wote, akanishika mkono, tukaondoka. Tulipita hema. Tulipita ukuta wa viatu. Hakutengeneza mtandio, hakuangusha kitu. Tulikuwa hatujafika mlangoni nilipomsikia meneja akisema neno, kisha sauti ya Mutua ikaja nyuma yetu, ya juu, mpaka Mzungu mwingine, wa safari hii, akageuka: "Mama! Mama, rudi tuongee!"

Mkono wake ulinibana mpaka pete zikanichoma. Macho yalimlenga machozi na uso mzima unawaka.

"Usigeuke," akaniambia.

Sikugeuka. Tulitoka juani, polepole, tukasimama kando ya vyungu vya maua, na walituita mara tatu.